Besi inavuma, maneno hayatoki: je, ninunue mashine kubwa zaidi?

*"Tunaishi ghorofani katika nyumba ya zamani ya mawe, Mkomani, Lamu. Sebule yetu ni ndefu na nyembamba. Nimepima, urefu mita 6.5, upana mita 2.7. Nina homu thieta niliyoinunulia televisheni: sabufa iko kwenye kona, vispika viwili viko juu ya meza ya TV. Sisi hukaa mwisho wa pili wa chumba, kochi limeegemea ukuta. Besi inavuma lakini maneno hayatoki. Mama akisikiliza mawaidha asubuhi huniuliza, 'Amesema nini?' Taarab ya zamani ndiyo balaa, udi unageuka mvumo mtupu. Nikiongeza sauti, jirani wa chini anagonga. Nimeweka akiba ya shilingi 9,000. Kuna muuzaji amenionyesha mashine mpya ya wati 10,000 kwa shilingi 14,500, na nilikuwa nataka kukopa zilizobaki kwenye chama. Rafiki yangu anasema nisinunue kitu, niongeze tu spika mbili kwenye waya zilezile. Nishike lipi?"*

Ndugu yangu, kwanza kabisa usikope. Pesa ya chama ina kazi nyingine, na mashine hiyo haitaondoa hata moja katika hayo uliyoyalalamikia. Yaelekea itayazidisha. Mtu mwenye ampli dhaifu hulalamika kwamba amefungua mpaka mwisho na bado hasikii. Wewe besi unayo ya kutosha hadi jirani anagonga. Unachokosa ni maneno, na maneno hayaletwi na nguvu.

Hizo wati 10,000 tuzimalize haraka. Plagi zetu za Kenya hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wetu ni volti 240. Zidisha: ni wati 3,120. Mashine inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida itazitoa wapi 10,000? Namba hiyo ni ya PMPO, kipimo cha kupamba katoni ambacho hakina kanuni moja inayofuatwa. Kila mtengenezaji hukihesabu apendavyo. Siku ukirudi dukani, mwombe muuzaji aigeuze mashine usome kibandiko cha nyuma. Ukikuta imeandikwa kwamba inakula wati 60, basi kinachofika kwenye spika ni pungufu ya hizo 60, kwa sababu sehemu nyingine hupotea kwa joto. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani wati ambazo ampli inaweza kuzitoa mfululizo. Na hata wati za kweli hazifanyi makubwa kama watu wanavyodhani: ukiziongeza mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji takriban mara kumi ya wati ulizokuwa nazo. Mtu aliyekaa karibu na spika za kawaida katika sebule kama yako, akisikiliza kwa kiasi, mara nyingi hatumii hata wati 5.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, ambao ni chumba.

Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapigwa lipu ya chokaa, na upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari. Ndio maana sebule yako ni ndefu na nyembamba. Ni nyumba nzuri za kuishi kwenye joto letu, ila kwa spika zina mambo mawili.

La kwanza ni kwamba kuta ngumu hurudisha sauti. Neno linapotoka kwenye spika, sehemu yake hukujia moja kwa moja, na sehemu nyingine hugonga ukuta wa kulia, ukuta wa kushoto, dari na sakafu kabla ya kukufikia, imechelewa kidogo. Katika usemi wa binadamu, irabu ndizo zenye nguvu na ziko chini. Sauti kama s, t, k na f ni nyepesi, na zile sehemu zinazotufanya tuzitofautishe ziko juu, hezi 2,000 (yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde) na kupanda. Mwangwi wa irabu iliyotangulia hufika wakati konsonanti inayofuata inatoka, na kuifunika. Nawe umekaa karibu mita sita kutoka kwenye spika. Kwa umbali huo, ndani ya chumba kigumu, sauti iliyokwisha kugonga kuta ni nyingi kuliko ile iliyokuja moja kwa moja. Mama anasikiliza kuta.

La pili linahusu besi. Mawimbi ya sauti ya chini ni marefu, na yakiwa kati ya kuta mbili zinazotazamana hukutana yakienda na yakirudi. Kuna hezi fulani ambapo wimbi linaingia sawasawa kati ya kuta hizo, na hapo hukuzwa mno. Kuipata, chukua mwendo wa sauti, ambao katika joto la Pwani la digrii 30 ni takriban mita 349 kwa sekunde, ugawe kwa upana wa chumba mara mbili. Kwa upana wako wa mita 2.7 inatoka karibu hezi 65. Udi, kwa namna unavyotegwa na wengi, uzi wake mnene kabisa huangukia hapohapo, karibu na 65. Kila mpigaji akiugusa uzi ule, chumba chako nacho kinaitikia kwa nguvu zake zote. Urefu wa mita 6.5 una zake, mojawapo ikiwa karibu na 54. Na mawimbi haya huwa makali zaidi kwenye kuta, halafu kwenye kona, zinapokutana kuta mbili na sakafu, huzidi. Sabufa yako iko kwenye kona, na kochi lako limeegemea ukuta. Umeiweka mahali pa kuvumisha kuliko pote, na mwenyewe umekaa mahali pa kusikia mvumo kuliko pote.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya jaribio hili. Zima sabufa, au punguza besi yake mpaka mwisho. Weka mawaidha yaleyale yanayomsumbua mama, sauti ya kawaida, kisha umwite asimame mita moja mbele ya vispika. Kama pale anasikia kila neno, vispika vyako si vibovu sana. Kosa kubwa ni la mpangilio. Kama hata pale maneno yamefifia, basi vispika vyenyewe havina uwezo, na hilo ni la kawaida kwa homu thieta nyingi za bei nafuu: koni moja ndogo (ile sehemu inayotikisika kutoa sauti), haina twita, yaani kile kispika kidogo cha sauti za juu, na kati ya inapoishia sabufa na kinapoanzia kispika pana pengo. Ninavyokisia, utakuta vyote viwili. Lakini fanya kwa mpangilio huo ili ujue pesa yako inakwenda kutibu kipi.

Baada ya hapo panga upya. Televisheni iache kwenye ukuta mfupi, usiihamishie ukuta mrefu, kwa sababu upana wa mita 2.7 utakulazimisha tena kuegemeza kochi ukutani. Vitenganishe vispika kiasi cha mita 1.6 au 1.7, kila kimoja kikiwa nusu mita hivi kutoka ukuta wa pembeni, vielekezwe kwa msikilizaji, na viwe kwenye kimo cha masikio yake akiwa amekaa. Kama mama hukaa chini kwenye mkeka, kimo ni hicho cha mkekani. Kochi lisogeze mbele mpaka libaki kama mita mbili na nusu kutoka kwenye spika. Najua sebule ya familia haipangwi kwa ajili ya redio tu, kuna wageni, kuna watoto. Kama kochi haliwezi kuhama, basi mama apate kiti chake cha asubuhi pale mbele. Hiyo pekee itamfaa kuliko mashine yoyote ya shilingi 14,500.

Kama kwenye ukuta wenu mna zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, usitie spika ndani yake, hata kama zinaingia vizuri. Tundu lile litaikuza sauti ya katikati ya chini na kuifanya iwe nzito, na kingo zake zitavuruga sauti za juu. Ziache zidaka na vyombo vyake; kuta zenye mashimo na mikunjo hutawanya sauti, na hilo linakusaidia.

Sabufa ina njia yake ya kutafutiwa mahali, na mafundi tunaitumia kila siku. Ibebe uiweke pale unapokaa, juu ya kochi lenyewe ikiwezekana. Cheza wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, udi au gitaa la besi litakufaa. Kisha inama, utembee pole pole pembezoni mwa chumba, kichwa kiwe karibu na sakafu, ukisikiliza. Kuna mahali noti moja itakuruka masikioni na nyingine zipotee. Kuna mahali zote zitakuwa sawa. Palipo sawa ndipo pa sabufa. Katika chumba chako anzia katikati ya ukuta mfupi, chini ya televisheni, kwa sababu katikati ya upana ndipo lile wimbi la hezi 65 lilipo dhaifu na sabufa haitalichochea sana. Punguza besi mpaka uisikie tu ukiizima.

Halafu jirani. Sakafu yako ni dari yake, na sabufa iliyokaa moja kwa moja juu yake inazitikisa boriti zilezile zilizo juu ya kichwa chake. Kata vipande vinne vya ndara kuukuu, zile nene, uviweke chini ya pembe za sabufa. Havitamaliza kila kitu, maana besi nyingine hupita hewani na madirishani, ila mtikisiko wa sakafu utapungua. Mtakie salamu, mwambie umebadilisha, umuulize kama kuna nafuu. Masikio yake ndiyo kipimo chako cha chini.

Watu wengi wakisikia habari ya mwangwi hukimbilia trei za mayai na kuzibandika ukutani. Usijisumbue. Ni karatasi nyepesi, besi inazipita, na sauti nyingine huzigusa bila usawa. Khanga iliyotandazwa bapa ukutani nayo haifanyi mengi. Kinachonyonya sauti ni unene na uzito: zulia zito kati ya spika na kochi, pazia zito lenye mikunjo mingi, godoro la kukalia na mito nyuma ya kichwa. Ulivyo navyo vyumbani vilete kwanza sebuleni kwa siku moja, usikilize, ndipo uamue kama kuna cha kununua.

Rafiki yako sasa. Ushauri wake unatolewa sana na unaunguza ampli nyingi. Kila spika ina ukinzani, unaopimwa kwa omu, na vispika vya homu thieta aghalabu ni omu 4. Ukiunga spika ya pili ya omu 4 sambamba kwenye vituo vilevile, pale waya zinapofungwa nyuma ya mashine, ukinzani unakuwa omu 2, na ampli inatakiwa kutoa mkondo maradufu. Itachemka, itajizima ukiwa na bahati, na usipokuwa nayo itaungua. Soma nyuma ya mashine: imeandikwa omu ngapi ndiyo ya chini kabisa. Usishuke chini ya hapo. Isitoshe, spika nne zinazopiga kitu kilekile kutoka pande nne za chumba chenye mwangwi zitayazidisha yaleyale yanayomchosha mama.

Ukishapanga na bado maneno yamefifia, hapo ndipo ile 9,000 inaanza kazi, na ningeitumia hivi. Baki na sabufa yako, kwa kuwa ampli yake imo ndani, na ubadilishe vispika peke yake. Tafuta jozi ya spika za rafu zilizokwisha kutumika, zenye koni ya inchi 5 hadi 6.5 na twita yake, za omu 6 au 8, ambazo ni nyepesi kwa ampli kuliko za omu 4. Spika za zamani zilizotengenezwa vizuri zinapatikana mitumbani, na kwa maneno ya binadamu zitashinda vispika vipya vya plastiki. Omu zikipanda, ampli hutoa wati chache, lakini spika kubwa kwa kawaida hutoa sauti zaidi kwa kila wati, kwa hiyo hasara ni ndogo. Kasoro utakayokutana nayo ni plagi: baadhi ya homu thieta zina vichomeo vyao wenyewe, na itabidi ukate waya wa kispika cha zamani na kuunga mpya. Angalia rangi, chanya kwa chanya.

Ningekushauri usipite elfu sita kwenye spika. Elfu moja au mbili ziwe za waya na kifaa cha kulinda umeme usiotulia, zilizobaki zikae.

Kukagua spika za mitumba ndiko kunakotaka subira. Toa kitambaa cha mbele. Ule ukingo laini unaoizunguka koni, kama ni wa sponji, ubonyeze kwa ncha ya kidole: ukibaki na alama au ukimeguka kama unga, umekwisha. Unyevu na joto la Pwani huula sponji upesi. Ukingo wa mpira hudumu zaidi, nao ndio ningeuchagua. Kisha weka vidole pande mbili za koni, uisukume ndani taratibu na kwa usawa, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, koili yake imepinda au imeungua, iache. Ukiwa na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme na omu, spika ya omu 8 husoma kama 6 hadi 7, ya omu 4 husoma kama 3 na kitu. Isiposoma chochote, waya wake umekatika. Mwishowe iwashe kwa sauti ya chini, wimbo unaoujua wewe kutoka kwenye simu yako, na utege sikio mbele ya kila twita. Muuzaji hupenda kufungulia sauti kubwa, kwa sababu sauti kubwa huficha twita iliyokufa.

Haya yote yafanye kabla mzigo haujaondoka. Ukinunua Mombasa au huku Malindi, spika zitapanda basi hadi Mokowe, kisha boti, na kuzirudisha kutakula ile akiba. Zifunge zikitazamana, katikati weka kadibodi ngumu ya kulinda koni, juu zungushia nailoni isiyopitisha maji ya bahari.

Waya usikuibie pesa. Kwa umbali wako mfupi, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha kabisa. Anayekuuzia waya wa dhahabu anakuuzia rangi. Ila hakikisha ni shaba kweli. Kwaruza kidogo kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa chumvi yetu itakusumbua mapema kwenye maungio. Vituo vya spika vikianza kuwa na kutu ya kijani, zima umeme, visugue kwa msasa laini, ufute kwa spiriti.

Na ukishaunga, jaribu kitu ambacho wengi huruka. Zisogeze spika mbili zitazamane, karibu kabisa, cheza sauti yenye besi. Kisha badilisha nyaya za spika moja tu, chanya na hasi, usikilize tena. Mpangilio wenye besi nzito na sauti ya mwimbaji iliyokaa katikati ndio sahihi. Ule mwingine, koni moja inasukuma wakati nyenzake inavuta, na besi hukatana yenyewe kwa yenyewe. Nimekuta nyumba nyingi watu wakitaka kununua sabufa ya pili kumbe waya mmoja umegeuka.

Yapo ambayo hupaswi kuyafanya mwenyewe. Mashine ikitoa harufu ya kuungua, ikikoroma hata ukiwa umepunguza sauti hadi sifuri, au fyuzi ikiendelea kukatika, ipeleke kwa fundi, na kamwe usiweke waya mahali pa fyuzi. Usifungue kasha la ampli. Kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Na ukiugusa mwili wa chuma wa mashine ukahisi umeme ukikutekenya, iwe kidogo namna gani, iache ikiwa imechomolewa. Nyumba nyingi za kale ziliingiziwa umeme baadaye sana, na baadhi hazina waya wa ardhini unaofanya kazi. Kwa hilo mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, aje apime soketi za sebule yote, hata kama gharama yake itaahirisha kununua spika. Mama ndiye anayeshika redio hiyo kila asubuhi.